Ngozi Nyeusi Ndani ya Giaboksi

Mama, ejok. Ndivyo wanavyosalimiana huku Lodwar, na jua lao limenibabua hadi masikio.

Lori la marehemu Baba limefika salama. Sisi wapenzi wa magari ya zamani tumejaa uwanjani Nawoitorong, na desturi yetu ni kila mtu afungue mashine yake, wenzake waone na kumshauri. Jana nilifungua giaboksi. Wengi waliicheka gasketi, ile ya kuzuia oili isivuje, ambayo Baba aliikata kutoka kwenye ngozi, wakaniambia niweke mpya. Lakini Lado, fundi Msudani aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliipangusa oili taratibu, akasema, "Hii usitoe. Miaka yote haijavuja. Huyu mzee alijua kazi."

Hapo likajitokeza ua lililochapwa kwenye ngozi. Mama, ni ule mkoba wako mweusi wa kanisani uliopotea. Baba ndiye aliyeukata, akanyamaza mpaka kaburini, nawe ukamnunia Shangazi Nekesa miaka yote hii ukidhani ndiye aliyeuiba.

Gasketi nimeirudisha mahali pake. Mpelekee Shangazi kadi hii, na maneno yakikushinda, mwachie aisome mwenyewe.

Nawapenda nyote wawili,
Wekesa