Mtani Aliyenipoza Hasira

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi huku Mwanza ni mzima, hata pua iko mahali pake. Presha yako je, na lile goti? Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, nami sikulaumu. Ulisema huzungumzi na mtu anayepindua meza mbele ya kamera huku jina la marehemu baba limeandikwa kwenye bukta yake. Basi Da Zuhura akusomee polepole, maana leo nina la kheri.

Yule promota wangu unayemwita shetani, wallahi hukukosea. Hakujali kama napiga ngumi vizuri, alichotaka ni nipandwe na mori tu. Kwenye mabango aliniandika "Kichaa wa Tanga". Kila tukikaribia pambano hutokea mtu wa kunichokoza, nami nalipuka, watu wanarekodi, tiketi zinaisha. Mimi nabaki na aibu.

Mwezi uliopita tulikwenda kupima uzito. Mpinzani wangu, Masanja, akanisogelea, akasema kwa sauti kwamba baba alizikwa kama mzoga, bila watu. Mama, niliona giza. Nikamkaba shingo. Nikamwona promota pembeni, wala haji kutuamua, anamhimiza mpiga picha asogee karibu.

"Wewe kabila gani hata umtukane baba yangu?" nikamuuliza.

"Mnyamwezi wa Tabora," akajibu kwa shida.

Nilimkumbuka Mzee Kapela, jirani yetu hapo Mabawa, naye Mnyamwezi, siku ya msiba alivyojilaza mbele ya jeneza akisema mchoyo huyu hazikwi mpaka watani wapewe chao. Wewe mwenyewe ulicheka huku unalia. Sasa sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu mababu, nitamkasirikiaje mtani kwa maneno ya msiba?

Nikamwachia. "Umechelewa, mtani," nikamwambia. "Wenzio walishamtukana siku ile ile ya kuzika."

Akanitazama, akaelewa, akaangua kicheko. Ukumbi mzima ukacheka, promota kafura.

Baadaye Masanja aliniomba radhi. Kumbe maneno yale alipewa na promota, na hakujua kama mimi ni Mzigua. Kesho yake tulipigana kwa heshima, nikashinda kwa pointi. Promota akaniambia mtu mpole hana soko, nitafute pa kwenda. Alhamdulillah! Nililala usingizi ambao sijaupata tangu nije huku. Sasa nafundisha ngumi kwenye jimu moja ya mtaani. Kipato ni kidogo, ila hanichokozi mtu isipokuwa mbu.

Mwezi ujao nakuja nyumbani, na Masanja anakuja nami. Anasema lazima amzuru baba, na atajilaza pale kaburini mpaka umpikie ugali wa bada na samaki. Mwambie Mzee Kapela kapata mwenzake.

Nisalimie Da Zuhura na wanawe, mjomba wa Kigombe, na bibi huko Handeni. Ijumaa baada ya swala nitapiga simu. Pokea, mama.

Mwanao,
Bakari