Kadi Ambayo Haikukwanguliwa

Duncan. Weka hiyo chai chini kwanza.

Nimetoka kwa lile duka la gemu za mtumba hapa mtaa wa Murabba. Nimenunua ya rally, kama ile nilikupea mwaka jana, ndio tushindane mimi nikiwa Riyadh na wewe huko Jeddah. Nusu bei!

Nafungua boksi, nakuta kadi ya bonasi bado iko ndani, ile unakwangua upate namba ya kufungua gari la dhahabu kwenye gemu, na inatumika mara moja tu. HAIJAKWANGULIWA. Haijaguswa!

Nikamuuliza muuzaji, "Nani huyu anauza gemu na bonasi hajachukua?" Akacheka. "Mkenya mmoja, alikuwa anahamia Jeddah."

Na bado sikushtuka, mimi na ujinga wangu.

Nimelipa, nimetoka nje, ndio nikageuza ile kadi. Nyuma kumeandikwa kwa biro:

"Happy birthday Duncan, usiseme dada yako hakupendi. Keziah."

Mwandiko wangu! Duncan! MWANDIKO WANGU!

Si ni wewe ulinihubiria ati mtumba ni wa nguo, gemu lazima iwe mpya, bila bonasi ni takataka? Nikazunguka Riyadh nzima na jua lile nikikutafutia mpya.

Na kila nikikuuliza gari la dhahabu linaendaje, unaniambia, "Linapaa, dada, linapaa." Linapaa wapi? Ndani ya boksi?

Sijakasirika, wallahi. Birthday yako si ni wiki ijayo? Nakutumia gemu hiyo hiyo.

Kadi nimeshaikwangua.