Kompyuta Iliyosomewa Dua

Donholm, Nairobi
Jumanne

Mamangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naanza na goti lako, maana kila nikipiga simu unasema "limepoa" kabla sijauliza, na nyuma namsikia Zuhura akicheka. Limepoa kweli? Mimi mzima, na nimenenepa. Mkaza mjomba bado anapakua chakula kana kwamba nimetoka kuchimba kisima.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini simu yako huwa kwenye spika, Mjomba hukupigia kila jioni, na mimi nalala sebuleni kwake, sina pembe ya kusemea. Barua hii nampa Bi Rukia, jirani yetu wa hapa, anayekuja huko kesho asubuhi kwa harusi. Zuhura dada yangu, msomee mama mlango ukiwa umefungwa, na usiruke mahali.

Mama, nimepata kazi. Ni ya majaribio kwanza, kwa kampuni inayotengeneza programu za zahanati, na watu wake hufanya kazi kila mmoja akiwa kwake. Yale yote niliyojifunza kwenye simu, miaka hii ninayopima mapazia dukani kwa Mjomba, ndiyo wanayoyataka. Wana masharti mawili tu: niwe na kompyuta yangu inayotumia Linux, na kuanzia Jumatatu niwe nayo mezani mchana kutwa.

Linux ni programu inayoendesha kompyuta nzima, nikueleze hivi. Unamjua yule muuza halua wa huko kwetu asiyekubali mtu achungulie jikoni? Kompyuta nyingi ziko hivyo. Linux ni jiko lililoachwa wazi: unaona kilichotiwa, unaongeza, unapunguza, unampa mwenzako bure. Taabu yake, si kila kompyuta inaelewana nayo. Nyingine inawaka vizuri lakini intaneti haishiki, nyingine inakuwa bubu, nyingine ukiifunika ikalala haiamki tena. Kwa hiyo huchagui kwa macho. Unaweka Linux kwenye flashi, unakwenda nayo dukani, unaichomeka na kujaribu hapo hapo.

Basi nikaenda kwa Ochieng', rafiki yangu anayeuza kompyuta za mitumba hapa karibu. Alipoiona flashi akashika kichwa.

"Niaje Swaleh! Hiyo kitu si itaniulia mashine?"

"Haigusi kitu. Nikiichomoa, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

"Sawa buda, lakini ukiua umenunua."

Ya kwanza ilikuwa nyembamba na nzuri, nikaipenda bure, haikuona intaneti hata kidogo. Ya pili ilikuwa na nywila ya ofisi fulani ya ng'ambo iliyoitumia zamani, ikakataa kabisa kuanza na flashi. Ya tatu Ochieng' aliitoa chini ya meza, nene, nzito, herufi M imefutika. Nikaiwasha. Intaneti ikashika, sauti ikatoka, kamera ikanionyesha uso wangu wenye jasho. Nikaifunika, nikahesabu hadi ishirini, nikaifunua. Ikaamka pale pale nilipoiacha. Mama, nilicheka peke yangu.

"Hii ni mzee wa kazi," Ochieng' akasema. "Haina maneno." Akaibandika utepe, akaandika jina langu, akaahidi kuniwekea hadi Jumamosi hii.

Kosa langu nililifanya jikoni. Nilimwambia mkaza mjomba kwamba nimeona kompyuta ya mtumba. Sikumaliza hata kueleza ni ya nini. Hakuwa na nia mbaya, alimwambia mumewe wakinywa chai, na Mjomba akaumia. "Mtoto wa dada yangu atumie kompyuta iliyotupwa na wazungu? Watu watasema nini?"

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, akawakusanya wazee wa msikitini na majirani mbele ya duka. Akanipa sanduku jipya, plastiki yake haijatolewa. Akasema mbele yao kwamba mimi ndiye mkono wake wa kulia na duka hili ni langu na lake. Imamu akasoma dua, duka libarikiwe nami nidumu ndani yake. Wote wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia, mama. Ningefanya nini?

Nikaijaribu na flashi yangu mchana duka lilipotulia. Intaneti hamna, sauti hamna, nikaifunika haikuamka. Mpya mno, Linux bado haijaizoea. Nikamwendea Mjomba kwa adabu zote nikamwomba tuibadilishe, na nikamweleza habari ya kazi. Alinitazama kama niliyemtemea mate.

"Kazi gani tena, na kazi unayo? Halafu hiyo ishasomewa dua. Kitu kilichosomewa dua hakirudishwi."

Kesho yake nikaikuta imefungwa kwenye kaunta kwa waya wa chuma na kufuli, isiibiwe, akasema, na ufunguo anao yeye. Naitumia kuhesabu mapazia. Nikiinua kichwa namwona anatabasamu kwa fahari, na mimi natabasamu.

Angekuwa mtu mbaya ningeshaondoka. Lakini ni huyu aliyenisomesha, aliyekesha nami nilipougua homa ya matumbo, ambaye mpaka leo hali nyama kabla sijapewa yangu. Nikienda kwa Ochieng' nikaichukua ile nzee, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wote walioitikia amin. Nisipoichukua, Jumatatu itapita na wale watu watamchukua mwingine, na mimi nitazeekea nyuma ya kaunta hii.

Sasa sikiliza, mama, ndiyo sababu ya barua. Siku tuliyomzika baba ulinishika mkono ukautia katika mkono wa Mjomba. Nilikuwa na miaka kumi na nne, na maneno yako nayakumbuka: "Kaka, huyu ni mwanao. Mimi sina usemi tena." Mjomba hajayasahau. Kila nikimwomba kitu kikubwa hunijibu, "Mama yako alishamaliza." Mimi siwezi kuyaondoa maneno hayo, wala imamu hawezi. Aliyeyasema ni wewe.

Atakupigia kesho, Jumatano, jioni kama kawaida. Usimtajie kompyuta, wala Linux, wala kazi. Usimlaumu, hajakosa kitu. Mshukuru kwanza, umshukuru sana, halafu mwambie: "Kaka, nirudishie mwanangu." Hayo tu. Mimi nitakuwa sebuleni nikisikiliza, na akikubali, Jumamosi nakwenda kwa Ochieng'.

Nisalimie Zuhura na mumewe, babu asiyeisha kuniuliza nitaoa lini, na mama mkubwa wa nyumba ya pili. Mwambie mahamri yake hayajapata mpinzani huku.

Ni mimi, mwana wa Mjomba kwa sasa, na mwanao kesho jioni ukitaka,

Swaleh