Mlango wa Seremala

Jumatatu, 3 Machi

Leo miaka arobaini na moja tangu niondoke kwetu. Nimehesabu mara mbili, maana siku hizi hesabu zinanitoroka. Arobaini na moja. Niliondoka na begi moja na bila kitabu hata kimoja — mimi, mjalidi wa vitabu!

Mkutubi amepiga simu. Anataka mchezo uwe mezani Jumamosi. Wazo ni lake: kila mzee wa klabu yetu ya wasomaji atengeneze mchezo wa mezani kutokana na kitabu cha kale cha kwao. Nimechagua utenzi wa Seremala. Nakala sina. Ninao kichwani, beti mia tatu na kitu, kama baba alivyotukaririsha mimi na dada.

Ubao umekamilika. Kadibodi nene, juu yake kitambaa cha kujalidia, rangi ya udongo. Vituo arobaini. Seremala anatoka nyumbani kutafuta mti wa kutengenezea mlango wa mama yake, anapotea, anazeeka, anarudi. Mchezaji naye vivyo hivyo: akusanye mbao nne njiani, avuke mto, aingie mlangoni. Kila kituo kina kadi yenye ubeti wa kusoma.

Mgongo unauma. Hata gundi imechoka, haishiki.

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga. Miguu haimbebi tena, anahamia kwa binti yake. Nyumba ya baba itabaki tupu. Anataka neno moja tu: narudi au sirudi? Nikirudi, chumba changu kipo, kimeshafagiliwa. Nisiporudi, ufunguo atampa mjukuu wake anayeoa. Jibu analitaka Jumanne ijayo, asubuhi.

Nikasema nitafikiri.

"Mdogo wangu," akasema, "ulianza kufikiri nywele zangu zikiwa nyeusi."

Kweli. Kwanza kisingizio kilikuwa karatasi za uhamiaji. Halafu nauli. Halafu ugonjwa wa mke wangu, Mungu amrehemu. Sasa sina wa kumsingizia.

Nikageuza mazungumzo. Nimemwomba anitumie picha za kurasa za mwisho za utenzi, kutoka kitabu cha baba, nihakiki kadi zangu kabla ya Jumamosi. Kasema sawa. Kasema pia kwamba mimi ni yule yule.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeujaribu mchezo na fundi cherehani. Ni mtu wa kwetu, yuko huku miaka thelathini na minane, ananiita Profesa kwa kunikebehi. Kanuni yangu ni kwamba ukifika mtoni lazima dadu iangukie tatu kamili, ama sivyo unabaki pale pale. Amebaki mara saba.

"Profesa, mchezo gani huu? Mtu anaona bati la kwao na hafiki!"

"Tupa dadu."

"Nitupie wewe. Mkono wangu hauna viza."

Tumecheka mpaka nikakohoa. Mwishowe kaipata tatu, kaingia, kasoma ile kadi ya mwisho:

Fungua mlango mama,
nimerudi ni mzima,
njia ndefu imekoma,
nipokee ni mwanao.

Akainua miwani. Ati ubeti huu haujui. Ati shuleni kwao hawakufundishwa. Nikamwambia alikuwa anasinzia. Akasema inawezekana, lakini aliitazama kadi muda mrefu kabla ya kuirudisha.

Ijumaa, 7 Machi

Picha zimefika. Utenzi unaishia mtoni.

Seremala anafika ukingoni na mbao zake, anatazama ng'ambo, anaona nyumba ya mama yake ina mlango. Mtu mwingine ameshautengeneza. Anatua mzigo. Anabisha hodi nyumba ya kwanza ya upande huu, anauliza kama wanahitaji mlango. Basi. Hakuna kurudi. Beti zangu tisa za kurudi hazimo.

Nikadhani kurasa zimenyofoka. Nimezikagua picha kwa kioo cha kukuzia, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Uzi upo katikati ya fungu la kurasa, nambari zinafuatana, ukurasa wa nyuma una jina la mpiga chapa. Hakijakatika kitu.

Nikampigia dada. Akaniacha niseme yote. Kisha:

"Zile ni za baba."

Nilikuwa na miaka sita. Kila seremala alipotua mbao nililia, nikakataa kula. Jioni moja baba akaongeza beti zake tisa, akamrudisha seremala kwa mama yake. Nikanyamaza, nikala. Nyumba nzima ikakubaliana nisiambiwe.

"Halafu tukasahau kwamba hujui," dada akasema. "Ukakua, ukawa msomaji kutushinda. Tukadhani umeshagundua."

Ilinipasa nigundue! Beti zote za utenzi zinafungwa kwa -ya. Za baba zinafungwa kwa -o. Mtoto wa darasa la tano angeona. Sikuona miaka sitini na mitano. Au sikutaka.

Nimelala mchana wote na viatu miguuni.

Jumamosi, 8 Machi

Sikubadilisha kitu. Mkutubi kafurahi, kasifu mshono wa pembeni. Wamecheza watu kumi na wawili, wamefika watatu. Kila aliyefika kasoma ubeti wa baba kwa sauti, ukumbi ukapiga makofi. Mama mmoja kajifuta macho.

Nilikwisha kumweleza fundi yote. Akaniinamia sikioni.

"Unawadanganya, Profesa."

"Ndiyo."

"Endelea."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda karakanani. Nimetengeneza kadi moja mpya, ya mtoni, na nimeandika ubeti kama ulivyo kitabuni. Kuanzia leo aliye na mbao nne anaweza kuzitua upande huu, akabisha hodi kwa jirani. Naye amemaliza mchezo. Hakushinda, hakushindwa — amemaliza. Sijui kama ni kanuni nzuri. Mkutubi atauliza mshindi ni nani.

Nikipaka gundi nikainua macho, nikauona mlango wa karakana. Niliupachika mimi mwenyewe, mwaka ule mke wangu alipopata kazi hospitali. Umepinda kidogo chini. Kila mvua nasema nitaunyoosha.

Kesho Jumanne.

Jumanne, 11 Machi

Fundi kaja mapema, bila kuitwa. Anajua ni siku gani. Kasema tu: "Leta huo mchezo wako wa mateso."

Tumecheza mezani, simu katikati yetu kama mchezaji wa tatu. Nilifika mtoni kabla yake, mbao nne mkononi. Ile kadi mpya ipo pale pale. Fundi kaisoma, kaiweka chini, hakutania. Hilo si kawaida yake.

"Tupa," akasema.

Nimetupa. Tatu! Mara ya kwanza tu, mimi ambaye sijawahi kubahatisha kitu. Fundi kapiga meza, vikombe vikaruka.

"Ingia basi! Si ulikuwa unaitaka hiyo?"

Nikasema anipe dakika. Kanitazama, kainuka, kaenda jikoni kuchemsha maji. Namsikia anafungua makabati yote akitafuta sukari, na anajua sukari ilipo.

Kete yangu bado iko mtoni. Dadu bado inaonyesha tatu. Nimechukua daftari hili ili mkono uwe na kazi.

Nimezitua mbao. Moja, mbili, tatu, nne, upande huu.

Simu inaita. Ni dada. Fundi anapaza sauti kutoka jikoni: "Profesa, simu!" Naisikia. Namalizia mstari huu ndipo niipokee, nimwambie ufunguo ampe bwana harusi.

Sitarudi.