Zuhura Ananifunga Hata Akiwa Tunduru

Jumapili, mwezi wa saba. Mjimwema, Njombe.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Bega la kulia limevimba. Jana tulipakia mbao hapa, tukapanda juu yake hadi Makambako, tukazipakua sisi wenyewe. Leo nilitaka kitu kimoja tu, kukaa kitandani na kucheza picha na mke wangu.

Mke wangu yuko Tunduru.

Nieleze, maana leo nimelazimika kueleza mbele ya watu na nadhani sikueleza vizuri. Serikali ilipofungulia biashara na kila mtu akaweka meza ya bidhaa mbele ya nyumba, mimi na Zuhura nasi tuliweka yetu. Sabuni, viberiti, betri, bablishi. Ndani ya kila bablishi mlikuwa na picha ya gari, na chini yake wameandika spidi, nguvu ya injini na uzito. Joto la kwetu liliziyeyusha zile bablishi, watoto wakazikataa, tukabaki na picha. Jioni tukawa tunacheza. Kila mtu na fungu lake, limelala kifudifudi. Mwenye zamu anafunua ya juu na kutaja: spidi, nguvu au uzito. Mwenzake naye anafunua. Mwenye namba kubwa anachukua zote mbili.

Meza ilikufa. Nilipoondoka kutafuta kazi, Zuhura alinipa na fungu lake. "Chukua," alisema. "Mimi hapa nitacheza na nani, mama yako?"

Basi namchezea. Simpendelei wala simwibii. Namjua, hutaja uzito kila mara, isipokuwa gari likiwa jekundu. Likiwa jekundu hutaja spidi, hata kama ni trekta. Na kwa mchezo huo wa ovyo ananifunga. Fungu lake limenenepa, langu naweza kulificha kiganjani.

Halafu nazungumza naye. Hilo ndilo lililoniponza.

Ukuta kati yangu na mwenye nyumba, Mama Tumaini, ni wa mbao. Ni mjane wa Kibena, Mlutheri wa kweli kweli, na chumba alinipa kwa sharti kwamba hakuna wanawake wa kuingia na kutoka. Leo alirudi kanisani akanisikia nikicheka na kusema, "Zuhura, acha kuniangalia hivyo, taja." Hakugonga. Alikwenda kumwita Mzee Mgaya, mzee wa kanisa wa nyumba ya pili, wakaja wote wawili.

"Kamwene," alisalimia mzee.

Sijaitikia, Mama Tumaini akaniwahi. "Mtoe huyo mwanamke."

"Mwanamke gani, mama?"

"Zuhura. Jina nimelisikia kwa masikio yangu."

Baridi ya mwezi huu inagandisha maji kwenye beseni, na mtu aliyefukuzwa kwa ajili ya mwanamke hapati chumba kingine mtaa huu. Mzee Mgaya aliinama akaangalia chini ya kitanda. Akakutana na viatu vyangu vya kazini. Ndipo wakaliona kasha ninalolifanya meza, na mafungu mawili ya picha juu yake, moja upande wangu na jingine upande usio na mtu.

Niliwaeleza. Kusema kweli, aibu ingekuwa ndogo kama wangemkuta mwanamke.

Kisha mzee akauliza, kwa upole kabisa, "Na nani anaongoza?"

"Yeye, mzee."

"Unamwachia."

"Simwachii. Ndivyo anavyocheza."

Mama Tumaini alikaa upande wa Zuhura bila kukaribishwa. Akafunua ya juu. Lori jekundu.

"Uzito," akasema.

"Hapana, mama. Jekundu anataja spidi."

"Lori, spidi?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo mkeo ana matatizo."

Mzee Mgaya alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilicheka. Lakini Mama Tumaini hakucheka, alikuwa bado ameishika ile picha.

"Ulimwona lini?"

"Mwaka jana, kabla ya msimu wa korosho."

"Sasa unajuaje kama bado anataja spidi?"

Nikaanza kulinyoosha fungu langu.

"Nilikataza wanawake," akasema, "sikukataza mke. Kwa nini hujamleta?"

Nikamwambia Zuhura hapendi baridi, hawezi kukubali.

"Amekuambia?"

"Hapana, mama. Namjua."

"Kama ile spidi," akasema Mzee Mgaya, na hapo sikucheka.

Wameondoka. Chumba ninacho, sijafukuzwa, na nilipaswa kufurahi.

Ukweli ni kwamba nimeshamwomba Zuhura aje, mara nyingi, hapa hapa kwenye kasha. Kila mara amekataa. "Issa, huko kuna barafu, mimi siji." Namsikia anavyovuta maneno, namsikia anavyocheka. Ila mdomo ulikuwa wangu. Nilimjibia lile lililonifaa mimi.

Niliogopa asije akaona ninavyoishi. Alimzoea mume mwenye meza ya biashara, sasa amkute mbeba mbao na bega lililochubuka, kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu umefika mlangoni. Zuhura wa kwenye kasha haoni hayo. Ananitania, ananifunga, basi. Nampenda sana huyo. Lakini ni wa mwaka jana, na yule wa Tunduru ameishi mwaka mzima bila mimi kujua hata siku yake moja imeendaje.

Kesho alfajiri napanda tena juu ya mbao kwenda Makambako. Pale stendi kuna dereva mmoja wa kwetu anayepeleka sabuni na chumvi mpaka Tunduru. Nitampa maneno machache, asiyapambe wala asiyapunguze: chumba ni kidogo, baridi ni kali, kazi ni ya kubeba, naomba uje.

Anaweza kukataa. Ila safari hii akatae mwenyewe.