Jina Ambalo Hukuliita, Aabo

Aabo, baba yangu,

Tangu tukuzike, huandika shajara yangu kila jioni kana kwamba ni wewe utakayeisoma. Ya Ijumaa nimeyatoa humo, nayaandika wazi, ili watu wa Garissa wayasome pamoja nawe.

Ukoo ulipochangia harusi au mgonjwa, ni wewe uliyesimama katikati ya watu na kuita: jina la mtoaji, kisha alichotoa. Mwenyewe aliitika, "Nimetoa!" Asiyeitika, mchango wake ulirudishwa kwake siku hiyohiyo, bila ugomvi. Nilipokuwa kidato cha pili nilikuuliza sababu. Ulisema, "Jina la mtu unaweza kulitumia bila yeye kujua. Sauti yake huwezi."

Unakumbuka kaka Yusuf alipogombea wadi mara ya kwanza? Ua wetu hapa Waberi ulijaa. Ulimwita mzee Gedi, mbuzi mmoja.

"Nimetoa!" akajibu. "Lakini msimkimbize, ni mzee kama mimi."

Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Kisha ukayageukia yale magari mapya yaliyoegeshwa nje, yenye picha za Yusuf. "Haya ya nani?"

"Ni ya rafiki, Aabo," kaka akasema. "Hapendi kuitwa."

"Kwani ameiba?"

Watu walicheka, Yusuf hakucheka. Ukakaa chini bila kuyaita. Magari yalizunguka mji hata hivyo, na kaka akashinda.

Kisha ukaja ule ua wa waya kule Galbet, ukakata njia ya mifugo ya kwenda mtoni. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa nyuma na mbuzi. Askari wa getini alituambia, "Mwenye shamba hayuko, na jina lake siruhusiwi kusema." Ulimpigia Yusuf simu palepale. Nilisikia jibu lake, maana ulikuwa huweki simu sikioni vizuri. "Aabo, hilo ni la rafiki. Tuliache."

Ulizima simu ukaniambia tuwazungushe mbuzi kwa njia ndefu. Nadhani siku ile ndipo ulipoanza kuzeeka. Ulizunguka nao kiangazi chote, hata kikohozi kilipokuanza, na hukutaka mtu akupokee fimbo.

Redioni husema siku hizi kwamba wagombea wawatangazie wananchi majina ya watu wanaowafadhili. Nikisikia hivyo nakuona wewe katikati ya ua, umeinua mkono.

Ijumaa ukoo ulikutana tena, kwa kuwa Yusuf anagombea mara ya pili. Mwitaji sasa ni binamu yetu Siyad. Ana kipaza sauti, na hasubiri watu waitike. Alipofika kwenye magari alisema, "Na rafiki yetu, Mungu ambariki!" Watu wakapiga makofi. Mzee Gedi naye alipiga, ingawa mbuzi wake wanazunguka njia ileile ndefu.

Nilisimama upande wa wanawake. "Rafiki gani?"

Yusuf akatabasamu. "Abaayo, dada yangu, umerithi mzaha wa marehemu." Wakacheka, Aabo. Walicheka kama ule mzaha ulikuwa wako.

Jina langu liliitwa karibu na mwisho. Mama alikuwa amemtoa kwa niaba yangu yule mbuzi mweupe uliyeniachia, akidhani nitafurahi. Siyad aliita, akaendelea na jina lililofuata. Mimi nikanyanyua mkono nikasema, "Sijaitika."

"Abaayo, kaa," kaka akasema, safari hii bila tabasamu.

"Sijaitika, Yusuf. Kwa utaratibu wa Aabo, mbuzi anarudi."

Nilimfungua mwenyewe nikatoka naye, na hakuna aliyenifuata. Mama hajanisemesha tangu siku hiyo. Yusuf hajafika nyumbani. Leo asubuhi nimempeleka mbuzi mtoni peke yangu, kwa njia ndefu. Nilipopita kando ya ule waya niliita kwa sauti, kama wewe, "Shamba hili la nani?"

Askari aliniangalia kwa huruma. Hakuna aliyeitika.

Lala salama, Aabo.

Binti yako, mwenye mbuzi mweupe