Mume Wangu Anauza Shamba kwa Sababu ya Bata Nisiowauza

Mama Evodia, shikamoo. Nakusikiliza miaka mingi, nipo wilaya ya Mpwapwa karibu na reli, sijawahi kuandikia redio hata salamu za Krismasi, lakini hili limenikaba na siku zimekwisha, ndiyo maana nimeshika kalamu, na majina yote nimeyabadilisha.

Mume wangu, nimwite Ludovick, anawinda bata mwitu kwenye bwawa la huku kwetu kwa bunduki aliyoachiwa na baba yake, kibali cha kuwinda anacho na cha kuuza nyama anacho, hakimbii mtu, na zamani ilikuwa kazi kweli, maana mabwana wakubwa wa maofisini Dodoma walikuwa wanashuka hapa na bunduki zao kila msimu, yeye anawaongoza kwenye matete, mimi nanyonyoa na kuwapikia, wanalala, wanalipa, na bata wanaozidi napeleka mjini wanagombewa, na mpaka leo akipita stesheni watu wanamwamkia, "Mbukwa, mzee wa bata!" naye anasimama kuwaitikia mmoja mmoja.

Sasa mabwana wale wamestaafu, wengine wamekufa na bunduki zao watoto wamezirudisha polisi, na hawa vijana waliokuja ofisini badala yao Jumamosi wanataka mbuzi choma na mpira kwenye televisheni, nani atasimama kwenye tope alfajiri anamngojea bata? Bwawa nalo limejaa mchanga, pembeni watu wamefunga pampu za kumwagilia, bata wenyewe wanapita juu wanatuangalia tu.

Miaka mitatu iliyopita nilipeleka bata saba kwa Devota, mwenye baa kule Kizota, Dodoma mjini, ndiye mteja pekee tuliyebaki naye, akanirudishia wote. Akaniambia, "Mama, jana mteja wangu katafuna risasi, jino limekatika, kaniita muuaji mbele ya watu. Hawa wako ni mifupa na chuma. Niletee bata wa kufuga aliyenona, huyo nachukua hata kumi." Nikarudi nyumbani na bata wangu nikamweleza Ludovick kama nilivyoambiwa, na Mama Evodia, yule mwanaume alikaa siku nne hasemi neno, chakula anakisogeza, bunduki anaifuta anairudisha, anaifuta anairudisha, nikaogopa.

Basi safari iliyofuata nikamwambia Ludovick kwamba Devota kabadili mawazo, kumbe nimekwenda kununua bata sita wa kufuga nikawaweka kwa mdogo wangu Frida hapo hapo Kizota, nyuma ya gereji ya mumewe, wakataga, wakaangua, leo wamepita arobaini. Kila anapopiga bata naondoka nao kwenye ndoo, nikifika nawapa mafundi wa gereji wale na ugali, nachinja wa kwangu, nampelekea Devota, nikirudi namkabidhi mume wangu hela mkononi nasema bata wako wamegombewa. Mafundi wenyewe wamewachoka, juzi mmoja kaniuliza, "Shemeji, leo tena?" Nami nasema ukweli wote, Mama Evodia, mwanzoni niliona aibu lakini baadaye nikawa naona raha, namtazama anazihesabu zile hela na kifua mbele, moyoni nasema laiti ungejua nani anakulisha. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tatizo ameziamini. Mwezi uliopita kaniita akaniambia, "Mke wangu, mji unakula na sisi tunachezacheza. Nauza shamba la bondeni, nanunua bunduki ya pili na mtumbwi wa faiba." Shamba la bondeni ni eka mbili za vitunguu, ndilo pekee linalopata maji, tulilisafisha wote wawili kwa jembe nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Mnunuzi keshapatikana, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Chemba, Jumamosi anakuja na hela tuandikishane kwa mtendaji wa kijiji. Nikimwambia ukweli atajua kwamba miaka mitatu amekuwa kichekesho cha gereji, nikinyamaza shamba linakwenda.

Naomba unisaidie kitu kimoja tu. Ludovick kipindi chako hakimpiti, kila Alhamisi jioni tunakaa nje tunakusikiliza, na ukisema wewe anaamini kuliko nikisema mimi. Tangaza kwamba bata mwitu wana ugonjwa, watu wasile. Ataacha mwenyewe, shamba litapona, na hakuna atakayeaibika.

Ni mimi, Mke wa Mwindaji, Mpwapwa.

MAMA EVODIA ANAJIBU

Marahaba, Mke wa Mwindaji.

Ugonjwa sitangazi. Kuna watu wengine wanaosikiliza redio hii, hawajakukosea kitu, sina sababu ya kuwatisha. Halafu hata kwako hausaidii. Mumeo atasema tungoje ugonjwa upite, na wakati anangoja atauza shamba ili bunduki iwe tayari. Uongo wa kwanza umekuletea mnunuzi wa Chemba, huu wa pili sijui utakuletea nani.

Ulivyoanza nakuelewa. Mtu anayenyamaza siku nne anatisha kuliko anayefoka, na zile hela za kwanza ulizompa zilikuwa huruma. Za pili nazo nakuachia. Lakini miaka mitatu, mama! Hapo umemwajiri mumeo, unamlipa mshahara kila mwezi, na mwenyewe hajui kama ana tajiri. Tena unakaa pembeni unamtazama anavyouhesabu. Hilo umelisema mwenyewe, sijalitunga, na nakusifu kwa kulisema, lakini ulitubu kwa mtu asiyehusika.

Halafu unanieleza kana kwamba Ludovick ndiye amepotoka. Amepotoka wapi? Mtu akiona biashara inamlipa miaka mitatu mfululizo huku wengine wote wameiacha, anaongeza mtaji. Ningekuwa yeye ningeuza na mbuzi. Hesabu zake ni sawasawa kabisa, ila tarakimu umempa wewe.

Sasa sikiliza ninavyoiona kazi yenyewe, uje umweleze kwa maneno yako. Wale mabwana wa maofisini hawakuwa wananunua bata. Walikuwa wananunua Jumamosi ya porini, kitanda, chakula chako, na mtu anayeyajua matete. Bata alikuwa kisingizio. Walipoacha kuja, mumeo alibaki na nyama tu, na nyama hiyo imefuatwa kwa risasi ya bei na kibali cha kila mwaka, inakwenda kushindana na bata wa Frida aliyekula pumba na hana chuma ndani. Inashindwa. Hata apige bata mia kwa siku inashindwa, na bunduki mbili zinashindwa mara mbili. Si kwamba Ludovick amezeeka au mkono wake unatetemeka. Hilo mwambie mapema, kwa sababu ndilo atakalolifikiria kwanza.

Na wasikilizaji msinipigie kuniambia awatembeze wazungu kutazama ndege. Hao wazungu mkiwaona wanashuka stesheni ya Gulwe mtanijulisha.

Shamba: usiridhie. Mmelisafisha pamoja, ni la kwenu wawili, na mtendaji anayeijua kazi yake atakugeukia akuulize kama umekubali. Ukisema ndiyo, wewe ndiye uliyeliuza, na usije ukaniandikia tena kulia juu ya vitunguu. Mjulisheni na mnunuzi mapema asipoteze nauli ya kutoka Chemba.

Ludovick mpeleke Kizota. Usimsimulie, mpeleke, umfikishe nyuma ya gereji awaone bata wote arobaini kwa macho yake, umwambie ni wake na wako. Mafundi waombe siku hiyo wawe na kazi nyingine. Usimwambie "nilifanya kwa ajili yako", kwa sababu utakuwa unamdai shukrani wakati ana haki ya kukasirika, tena sana. Safari hii atanyamaza zaidi ya siku nne. Wewe pika, tenga, kaa, usikimbilie kwa mchungaji wala kwa Frida. Bunduki ya baba yake usiiguse wala usimshauri aiuze. Akitaka kupiga bata wawili wa mboga ya nyumbani kwa mwaka, kwa hela yake, huku akijua ni starehe na inagharimu, apige. Wenzake wanazimalizia baa.

La mwisho. Jumatatu nilikupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Nilikwambia ninayokwambia sasa kuhusu ugonjwa, nikakupa mambo mawili uchague, niichane barua au niisome kama ilivyo. Ukasema, "Isome. Mimi mdomo haufunguki." Nikakuomba ujaribu kwanza mwenyewe, una siku tatu. Sijui kama ulijaribu.

Leo Alhamisi. Kama mkeo alishakwambia, mzee, nisamehe kwa kuyarudia mbele ya watu. Kama hukumwambia, mama, basi ameshajua, na hapo alipokaa anakutazama. Zima redio. Usingoje akuulize.